Furushi Chini ya Kitanda

Chini ya kitanda cha Khalati pana furushi. Nilikuwa na miaka minane nilipoliona mara ya kwanza. Nikaolewa likiwa papo hapo, nikahamia Malindi, nikaachika, nikarudi Lamu, nikalikuta. Siku moja alipokwenda mazikoni nililifungua. Mlikuwa na doti mbili za leso ambazo hazijakatwa wala kupindwa, kisu cha kuparia samaki, viberiti vilivyozungushiwa nailoni, na kipande cha tumbawe kisichozidi ngumi ya mtoto. Nikalifunga kama nilivyolikuta, au nilidhani hivyo. Usiku akaniuliza, bila hasira, kwa nini fundo limegeukia mlangoni.

Tulipokuwa watoto tulimcheka sana kwa furushi lile. Akiudhiwa na jambo tulikonyezana: "Yeo asafiri," yaani leo anasafiri. Hakuna mkubwa aliyetukemea, nadhani kwa sababu wakubwa wenyewe hawakujua wanachokiona.

Khalati si khalati yangu, yaani dada wa mama, kwa nasaba iliyonyooka. Ni binamu ya mama kwa upande wa watu wa visiwani, na ukitaka nikufuatilizie mpaka mwisho tutakesha. Alifika mwaka 1991, ule ambao serikali ya Siad Barre wa Somalia ilianguka Januari na mji wa Kismayu ukawa leo ya hawa, kesho ya wale. Yeye ni mtu wa Chula, kimoja cha visiwa vya Wabajuni upande wa Somalia. Wabajuni kule hawakuwa na jeshi wala ukoo mkubwa wa kuwakinga. Walikuwa na mashua, mashine za mashua na nyavu, na vitu hivyo vina thamani kwa mtu mwenye bunduki. Mumewe alimpakia yeye na mtoto wao wa kiume wa miaka miwili, wakapita Kiamboni, wakapita Kiunga, akawashusha Kizingitini kwa jamaa. Kisha akageuza tanga kumfuata mamake mzee aliyebaki nyuma.

"Bamvua lijalo niko hapa," alimwambia.

Bamvua huja kila baada ya wiki mbili. Yule mtoto wa miaka miwili, ambaye siku hizi ni mtu mzima na ana kichwa cha hesabu, aliwahi kuzihesabu akapata zaidi ya mia nane. Mamake hatukumwambia.

Lamu haikuwa na kambi. Wengine waliishia Utange kule Mombasa, wengine Marafa karibu na Malindi, na wengi zaidi Dadaab, ambako kambi zilizofunguliwa kuanzia 1991 zilikusudiwa watu 90,000 na kufikia 2011 zikawa na zaidi ya 400,000. Aliyekuwa na jamaa Lamu alilala kwa jamaa, akavaa buibui kama wenyeji, akasema Kiswahili kama wenyeji, akapotea ndani yetu. Kupotea huko kulimwokoa na mahema na foleni za unga. Lakini kulimfanya asiwe mkimbizi katika daftari la mtu yeyote, na asiyeandikwa hafikiriwi anapohesabiwa wa kusaidiwa. Alikuwa "mgeni wa nyumba ya fulani", basi.

Aliyemwelewa tangu siku ya kwanza ni bibi yangu, na alikuwa na sababu. Bibi alizaliwa Mvundeni, bara ya kaskazini ya Lamu, kijiji ambacho watu wake walikihama wakati wa vita vya Shifta, vya serikali ya Kenya na waasi waliotaka kujitenga, kati ya 1963 na 1967. Wabajuni wengi wa Kenya waliyaacha makao yao ya bara miaka ile wakatawanyika Lamu, Malindi na Mombasa, na hadi leo wapo wanaotaja minazi yao ya bara mmoja mmoja, mfano wa mtu anayetaja wanawe. Kwa hiyo Khalati alipokaa siku mbili kwenye mkeka akiangalia ukuta, bibi hakumuuliza lolote. Siku ya tatu alimwekea mbuzi ya kukunia na nazi nne.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hiyo watu huitumia kumwonyesha mgeni mlango kwa adabu. Bibi aliitumia vingine kabisa. Alijua kwamba mtu aliyenyang'anywa nyumba, mashua na mume anahitaji upesi kitu cha kufanya ambacho wengine watakikosa asipokifanya. Kwetu hakukuwa na shamba la kulima, basi mbuzi ikawa jembe. Mwezi wa pili Khalati ndiye aliyekuwa akitengeneza mahamri ya nyumba nzima, na majirani wakaanza kuagiza.

Mchana alikuwa mtu kati ya watu. Usiku alikuwa mlinzi. Hakulala ila alfajiri, ukivuma upepo wa matlai na watu wameanza kwenda msikitini. Aliketi karibu na mlango akisikiliza. Punda akilia mtaani kwetu Langoni alishtuka, mashine ya boti ikipita pwani alisimama. Mtungi wa maji ulikuwa lazima ujae kabla ya magharibi. Mtoto alilala amefungwa leso kiunoni mwa mamake, mpaka akawa mkubwa akakataa. Na mwili wake ulisema yale mdomo usiyoyasema: kifua kizito, mgongo unawaka, tumbo halitulii, kichwa "chavuma". Alipimwa malaria mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua.

Walimu waliitwa. Alisomewa, akanyweshwa kombe la zafarani na marashi, na mara moja mama mmoja wa mtaa alisema ana kiti cha pepo, akataka apungwe. Najua kuna wasomaji watakaotabasamu hapa, nami nilishawahi kuwa mmoja wao. Siku hizi najizuia. Usiku wa kombe nyumba ilijaa. Watu kumi na watano walikaa kwa ajili yake, walimgusa kichwa, walimtaja kwa jina lake na la babake. Alilala usiku ule. Alilala na usiku wa pili. Lililonisikitisha ni kwamba usiku wa tatu watu walikuwa wamerudi makwao, na yeye alipoamka tena kukaa mlangoni walisema hana imani.

Hatukuwa na jina la kumpa hali yake. Tuna maneno mengi, lakini kila moja lina mlango wake. Wazimu ni wa anayevua nguo sokoni. Huzuni ni ya matanga na ina siku zake. Sonona nililisikia ukubwani, redioni. Wahaka tunalo, zuri, lakini tunalitumia kwa anayesubiri matokeo ya mtihani. Lililomkaribia ni lile dogo tunalolisema kila siku bila kulisikia: "ana mawazo." Mwenyewe alikuwa na lake ambalo sijalisikia kwa mwingine. "Moyo una mtanga," alisema, akimaanisha mchanga, kama ule unaobaki kwenye ndoo hata ukiisuuza mara saba.

Baadaye sana niligundua kuwa watu wengine nao wamepita njia hiyohiyo ya maneno. Washona wa Zimbabwe wana kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, na ni kutokana na neno hilo, si kutokana na jina la hospitalini, kwamba daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha bibi wa mitaa ya Harare kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu. Wasomali wa Dadaab nao wana buufis, linalotokana na kupuliza, kujaza upepo: ile hamu ya kuchukuliwa kupelekwa nchi ya mbali, inayomvimba mtu mpaka hapo alipo hayupo tena. Ni neno la kambini, limekua na subira ya kambini. Nalipenda kwa ukali wake. Linamtaja mtu anayeugua kwa kungoja.

Mimi nilijifunza haya kwa kukosea kwanza. Nilikuwa nimejiunga na wahudumu wa afya ya jamii, tukapewa mafunzo ya siku chache kuhusu afya ya akili. Nilirudi nyumbani nina daftari jipya na bidii ya mwanafunzi. Nikamketisha Khalati ukumbini, nikamwambia ili apone sharti ayatoe yaliyo moyoni, anisimulie siku waliyoondoka Chula tangu mwanzo. Alinitazama muda mrefu. Akaanza. Akafika pale mashua ilipogeuka, akanyamaza, akaondoka kwenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi. Kwa mwezi mzima hakunisemesha ila kwa lazima, na usiku alirudi mlangoni, jambo ambalo lilikuwa limepungua.

Nilipomweleza mkufunzi wetu, mwanamke mpole kutoka bara, hakunilaumu. Aliniuliza tu: nani alimwomba? Kisha akanieleza kwamba Shirika la Afya Duniani lenyewe linashauri mtu aliyepatwa na mkasa asisukumwe kuusimulia mara tu baada ya kumpata, maana kumsukuma hakumsaidii. Huduma ya kwanza ya moyo, alisema, ni kutazama anahitaji nini, kusikiliza akitaka kusema, na kumuunganisha na msaada. Mbona mimi nilianza na la pili kwa nguvu na kuyaruka mengine?

Nimekuwa nikilitafuna swali hilo tangu siku hiyo. Sisi tunaotaka kusaidia tunapenda simulizi la vita. Lina mwanzo na mwisho, linaliza, na likiisha tunahisi tumefanya kazi. Lakini ukikaa na aliyekimbia, kinachomtafuna leo mara nyingi ni cha leo. Nyumba amepanga kwa jina la nani? Akikutwa kizuizini barabara ya Garsen ataonyesha nini? Mwanawe aitwa nani shuleni? Mumewe ni marehemu au ni msafiri? Derrick Silove, daktari wa akili wa Australia aliyefanya kazi miaka mingi na wakimbizi, alieleza kuwa vita na uhamaji hutikisa nguzo tano za mtu: usalama, mafungamano yake na watu, haki, nafasi na jina lake, na maana ya maisha. (Nguzo tano! Nilipoisikia nilicheka, nikamwambia mkufunzi kwamba Lamu somo hilo litaeleweka haraka.) Bibi yangu bila kusoma alikuwa amesimamisha mbili: alimpa Khalati watu na akampa nafasi. Zile nyingine hazikuwa mikononi mwake.

Chukua hii ya karatasi. Kenya ilipata sheria yake ya kwanza ya wakimbizi mwaka 2006, miaka kumi na mitano baada ya mashua ile kutia nanga. Sheria mpya ikatungwa 2021, ikaanza kutumika Februari 2022. Katikati ya tarehe hizo Khalati aliishi miaka yake ya ujana mpaka mvi bila kitambulisho cha nchi yoyote. Hakwenda Mombasa kutibiwa jicho kwa kuogopa vizuizi vya njiani. Aliweka fedha zake kwenye kopo la maziwa, na simu ameandikishiwa kwa jina langu. Waliotuletea mafunzo walituambia tumfundishe mtu kutofautisha hofu ya kweli na hofu ya mawazo. Sawa. Lakini mwanamke asiye na karatasi anayeogopa askari hana maradhi ya hofu, ana macho. Mwaka 2023 Wapemba wa Kwale na Kilifi walipotambuliwa kuwa raia wa Kenya baada ya vizazi vya kuhangaika, Khalati alisikiliza taarifa ile redioni mpaka mwisho, akaniomba nimtafutie inaporudiwa.

Na mwanawe, yule mwenye kichwa cha hesabu, karatasi ilimfika huko mbali alikokwenda kuitafuta. Aliondoka akiwa na miaka kumi na tisa. Njia aliyopitia ni yake kuisimulia. Akafika Uingereza, akawekwa Glasgow, akaomba hifadhi kama Mbajuni wa Chula, jambo ambalo ni kweli tupu. Kwenye kesi za Wabajuni kule palitumika uchambuzi wa lugha: mwombaji husemeshwa, sauti hurekodiwa, kisha mtaalamu huandika mtu huyu anatoka wapi kwa jinsi anavyosema. Kijana wetu ametoka Chula na miaka miwili. Ulimi wake umekulia Langoni. Akaulizwa majina ya samaki, visiwa na visima, akayajibu kama alivyofundishwa na mamake, lakini kwa sauti ya Lamu. Ripoti ikasema huyu ni Mkenya. Kenya hana hata cheti cha kuzaliwa.

Alingoja miaka. Anayeomba hifadhi kule kwa kawaida hakubaliwi kufanya kazi, basi alikuwa akikaa chumbani na wenzake watatu wasiosikilizana lugha, akitazama mvua. Kwenye simu sauti yake ilianza kuwa nyembamba. Alikoma kumsemesha mamake Kibajuni. Nilipomuuliza akasema, "Mdomo wangu umenishitaki." Sijui kama daktari ana jina la hilo. Tafiti nyingi za nchi mbalimbali zimekuta kwamba kungoja jibu la hifadhi kwa muda mrefu, bila kazi na bila uhakika, huzidisha maradhi ya moyo juu ya yale mtu aliyokuja nayo. Kilichomvuta kijana si kliniki, ni mzee Mbarawa aliyemkuta msikitini, akamwambia aje Jumamosi wasaidiane kupika pilau ya watu mia. Mbuzi na nazi tena, ila na sufuria kubwa. Miaka mingine ikapita ndipo rufaa yake ikakubaliwa. Sauti imerudi, si yote.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kila kitu kitatibiwa na pilau. Nyumba ya tatu kutoka kwetu palikuwa na kijana aliyetoka Kismayu na wazazi wake, akaanza kusikia watu wakimsema ukutani, akaacha kula, akaacha kuoga. Kwa karibu miaka miwili alifungwa mnyororo chumba cha juu, tena na watu waliompenda. Walimu walikuja, waganga walikuja, mbuzi watatu walichinjwa, na hao ni mbuzi wa miguu minne. Kwenye zahanati ya kwanza walipompeleka waliambiwa na mtu ambaye hakuinua kichwa kwamba wampeleke Mathari. Hospitali hiyo ya Nairobi imekuwa ikipokea wagonjwa wa akili tangu 1910, na katika lugha yetu jina lake ni tusi. Familia ikarudi nyumbani na mnyororo wake. Baadaye muuguzi wa kliniki nyingine, mwenye subira, alimwanzishia dawa, kisha sindano ya kila mwezi. Leo anauza juisi ya ukwaju. Sindano ikikosekana mwezi mmoja tu tunajua sote, mtaa mzima. Ugonjwa wa namna ile ni wa daktari, na kumcheleweshea daktari kwa sababu ya aibu ni dhuluma. Vilevile mtu anayesema hataki tena kuishi: huyo usimwache peke yake hata kwa muda wa kwenda dukani, mtafutie hospitali. Zamani watu walinyamaza hata hapo, wakihofia polisi, kwa kuwa kujaribu kujiua lilikuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu hicho, cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kinapingana na Katiba. Habari hiyo haijafika vichochoroni.

Wengi, hata hivyo, hawako kwenye mnyororo. Wako mlangoni usiku kama Khalati. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2019 kuwa katika watu watano wanaoishi kwenye maeneo yaliyopitiwa na vita, mmoja ana tatizo la afya ya akili, na sehemu kubwa ya hao ni wa hali nyepesi au ya wastani. Kwa hao kuna njia fupi ya vikao vitano ambayo inaweza kuendeshwa na mtu asiye daktari akifundishwa na kusimamiwa. Ilijaribiwa hapa Kenya, kwenye vitongoji vya Nairobi, kwa wanawake waliopitia ukatili, wakihudumiwa na wahudumu wa jamii kama sisi, ikawapunguzia mzigo. Mnajifunza kutuliza mwili, kuligawa tatizo moja linalogawika, kurudia kazi uliyoiacha, na kuwarudia watu.

Tuliianza kwenye ua wetu, alasiri, wanawake tisa. Sikuweka viti vya duara. Nilileta miyaa. Ukiwa na chane mkononi unasuka ukili na macho yako yana pa kukaa, na ukilia hakuna anayelazimika kukutazama. Walikuwemo wa 1991, waliokuja na ukame wa 2011, mmoja aliyehamishwa na mashambulizi ya bara ya Lamu, na jirani wawili wenyeji wasio na habari ya ukimbizi ila mmoja mumewe mlevi. Tulikubaliana kwamba vita haviulizwi. Swali lilikuwa: wiki hii umesumbuliwa na nini? Mmoja alisema makuti yanavuja. Mwingine alisema mwanawe, mzaliwa wa Lamu, darasani aitwa mkimbizi. Tulitumia vikao viwili kwa makuti. Yalipatikana. Mkufunzi alicheka kwenye simu, akasema kwenye kitabu hilo linaitwa kutatua matatizo.

Khalati alikuja kwa ajili ya mikeka, alisisitiza hivyo. Alikaa pembeni, mgongo ukutani, mlango akiuona. Kikao cha tatu nilikuwa nawafundisha kupumua: vuta taratibu, ishushe mpaka tumboni, itoe polepole kuliko ulivyoivuta. Nilikuwa nasoma kwenye daftari kama khatibu mgeni. Nikasikia mtu anacheka. Alikuwa yeye.

"Hivyo ndivyo avutavyo mzamia kamba," alisema.

Tukangoja. Hakuna aliyeuliza.

Akasema mumewe alikuwa mzamiaji wa kambamti. Alikuwa akilala kifudifudi ukingoni mwa dau, uso karibu na maji, anavuta pumzi tatu hivyohivyo, ya nne anakwenda nayo. Ukiwa na pupa ya hewa hufiki chini, alikuwa akimfundisha, wakati wa uchumba, yeye akiwa ufuoni na hajui hata kuogelea. Mara ya kwanza kambamti alimponyoka akaja na kipande cha tumbawe ili asitoke mikono mitupu. Alisimulia yote hayo anasuka. Ukili wake haukupotoka hata chane moja. Kisha akawaonyesha wenzake namna ya kuvuta, vizuri kuliko mimi, na tangu siku hiyo zoezi lile anaendesha yeye.

Ni mara ya kwanza katika miaka thelathini na zaidi nilimsikia akimsema mumewe akiwa hai. Siku zote alikuwa ni mtu aliyegeuza tanga. Mimi ndiye niliyekuwa nimemwomba anianzie pale.

Lakini tumbawe nililolishika kwa siri nikiwa kijana, sasa nilijua ni nini, na kujua huko kulinilemea.

Limebaki lile kubwa. Mjane anayejua kuwa ni mjane ana eda, miezi minne na siku kumi. Ana nguo, ana chumba, ana watu wa kumpikia, na ana siku ya kutoka. Khalati hakupewa hata hiyo siku ya kuanza. Wanazuoni wametofautiana juu ya mke wa aliyepotea. Ipo kauli ya kungoja miaka minne, kisha kukaa eda. Kadhi yupo hapa Lamu. Bibi, kabla ya kufariki, alimsihi aende. Ilisemwa pia iswaliwe swala ya ghaibu, angalau dua ipate pa kushikia. Kwa miaka alisikiliza matangazo ya Kisomali ya BBC wakati yalipokuwa yakisoma majina ya watu wanaotafutwa na jamaa zao, orodha iliyokusanywa na Msalaba Mwekundu. Kisomali chake ni cha sokoni, lakini jina halihitaji kutafsiriwa. Halikusomwa. Na kwa kadhi hakwenda. Aliniambia mwaka jana sababu yake, tunapepeta mchele: "Niende nikasema nini? Nimuue kwa ulimi wangu?"

Kuna wanaoona hiyo ndiyo kazi iliyobaki, kumfikisha kwa kadhi. Mimi nimeacha kusukuma. Nilishasukuma mara moja.

Mwezi uliopita binti wa jirani alijifungua mtoto wa kike. Nilikwenda na sabuni na sukari, nikamkuta mtoto amefungwa leso ya zamani sana, nyekundu iliyopauka kwenye mikunjo, bado ina ule ugumu wa nguo isiyowahi kufuliwa. Nilijua imetoka wapi. Niliporudi niliinama kufagia chumba cha Khalati na nikalivuta furushi kidogo kwa fagio. Lilikuja upesi, lilikuwa jepesi. Kisu kilisikika kikigonga tumbawe.

Alikuwa nyuma yangu mlangoni, ana unga mikononi.

"Hizo leso zaliliwa na mende tu," alisema. "Njoo unisaidie kukanda."